Walivyokizika Kisima Chetu

Kisima cha kwetu Kabiria kilichimbwa na baba na mama kabla sijazaliwa. Mama alikulia Ukambani, mahali ambapo ukitaka maji unafukua mchanga wa mto uliokauka, na alipoolewa Nairobi aliapa kwamba watoto wake hawatabembeleza mtu kwa ajili ya maji. Baba alichimba, yeye akavuta udongo kwa kamba. Baba alipofariki, kisima kikabaki mikononi mwa mama. Majirani waliteka maji hapo mifereji ilipokauka.

Kisha kipindupindu kikaingia mtaani. Maafisa wa afya wa kaunti walipita na kipaza sauti wakiagiza visima vyote vifungwe hadi maji yapimwe. Mama hakubisha. Alitia kufuli kwenye kifuniko mwenyewe, akawakabidhi ufunguo. Wakachota maji kwenye chupa, wakaenda zao.

Kabla majibu hayajarudi, lori likaja. Mama alikuwa ameenda sokoni Kawangware. Mimi nilikuwa nimetoka Kileleshwa, ninakokaa, kuja kumjulia hali. Lori lilirudi nyuma likaangusha nguzo ya lango letu, wanaume wakashuka, wakafungua kifuniko kwa ufunguo uleule wa mama na kuanza kumwaga mawe na simiti. Nilisimama mbele ya shimo, nikamuuliza afisa wao sababu, ilhali kisima kilikuwa kimefungwa na ufunguo walikuwa nao wao.

“Dada, hii ni amri kutoka juu,” akasema. “Ni afya ya watu.”

Walinishika mabega wakanisogeza kando kama kiti. Mama aliporudi alitua kapu lake, akainama, akaigusa ile simiti. Ilikuwa bado mbichi. Alijifuta kidole kwenye leso, akaingia jikoni, akapika.

Majibu yalipotoka, maji yetu yalikuwa safi. Uchafu ulitoka kwenye bomba la majitaka la kaunti yenyewe, lililopasuka nyuma ya ploti za jirani. Mama alifunga safari hadi ofisi zao katikati ya jiji kuwaomba waje wakifukue walichokifukia. Huko aliambiwa kwamba serikali ilifanya kwa nia njema, na kwamba ashukuru yu hai. Akarudi tena, na tena. Wazee wa kanisa walimsihi aache, wakamwambia serikali ina mkono mrefu.

“Hata wangu ulichimba kisima,” akawajibu.

Nilimtafutia wakili mtaani Ngara, mwanamke wa Kimombasa ambaye ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la nyaya za umeme. Alitusikiliza bila kutukatiza, kisha akauliza swali moja tu: siku ile ya lori, ufunguo ulikuwa na nani? Mama alipomjibu, wakili akafunga kalamu yake. Alisema hapo ndipo tutakapowashika.

Mahakamani, wakili wa kaunti alieleza kwamba wakati wa mlipuko serikali haiwezi kungoja, na kwamba sheria humlinda anayetenda kwa nia njema. Alimuuliza mama kama hakuona hatari iliyowakabili majirani zake.

“Niliiona,” mama akasema. “Ndiyo maana nilikifunga, nikawapa ufunguo. Kukifunga ni afya. Kukizika ni nini?”

Hakimu alimgeukia yule afisa, akataka kujua kwa nini kufuli haikutosha. Afisa akasema kwamba lori lilikuwa limeshatolewa kwa siku hiyo, na waliagizwa wafukie kila kisima cha barabara ile.

Hakimu aliamua kwamba serikali ina haki ya kufunga, na hata ya kuharibu pale pasipo njia nyingine. Lakini hapa njia nyingine walikuwa nayo mfukoni. Akaamuru kaunti ifidie hasara yote, nguzo ya lango ikiwemo. Kaunti ikakata rufaa, na hadi leo rufaa hiyo ingali mahakamani.

Mama hakuingoja. Aliwaita wachimbaji kutoka kwao, wakachimba kisima kingine kwenye pembe ya pili ya ploti. Nilimwambia atulie kwanza, wasije wakatuchokoza tena. Akanijibu kwamba anayejificha ni mwizi. Maji yalipopatikana, alipiga simu ofisi ya afya mwenyewe, akawataka waje kupima kabla mtu yeyote hajayanywa.

Akaja afisa yuleyule. Alisalimia kwa sauti ya chini, mama akampa kigoda. Alijaza chupa zake akainuka kuondoka.

“Majibu yakitoka uyalete wewe mwenyewe,” mama akamwambia. “Na ukija na lori, utanikuta nimeketi juu ya kifuniko.”

Aliyaleta mwenyewe, kwa miguu. Maji yalikuwa safi. Mama alimshukuru, akamchotea kikombe, akamtazama mpaka akamaliza.