Nyumba ya Wakonyo Ndani ya Kompyuta

Wakonyo alizaliwa kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, ambako wazazi wake, watu wa Nyeri, walikuwa vibarua. Aliolewa na Mbogo, mtu mpole aliyecheka kwa mabega bila sauti, wakanunua shamba dogo upande wa Ndalu. Mbogo alilima mahindi, Wakonyo akafuma sweta za wanafunzi, na mtoto wao wa pekee, Kabiru, alipomaliza shule alikwenda Mombasa kutafuta kazi.

Ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika kwao, Januari 2008, waliondoka na nguo za mwilini tu. Wakiwa barabarani waliona moshi wa nyumba yao. Walipewa hema katika kambi ya waliofukuzwa makwao, mjini Kitale, na mvua zilipoanza kifua cha Mbogo kikabana. Nimonia ilimuua.

Wakonyo alitaka kumzika shambani. Lakini waliolitwaa shamba walimtumia Kabiru ujumbe kwa simu: asiletwe mtu hapa, awe mzima au maiti. Mbogo akazikwa katika makaburi ya umma ya Kitale, katikati ya watu asiowajua. Wakonyo hakurudi tena kuliangalia kaburi. "Hapo si kwake," alisema.

Miezi michache baadaye alikuja kambini msichana wa Bumula, Ivy Nakhungu, mfanyakazi wa shirika la haki za binadamu mjini Bungoma. Aliwaeleza wanawake kwamba iko dunia iliyo ndani ya kompyuta peke yake. Watu wa nchi nyingi huingia humo kila mmoja na kijisanamu chake cha kumwakilisha, wakatembea, wakaongea. Marafiki wa shirika walikuwa wamekodi kisiwa humo, wakitaka kujenga nyumba zilizochomwa, ili wageni wazione na kutia sahihi ombi la kuitaka serikali iwarudishe watu makwao.

"Si watu wanakufa na baridi hapa," Wakonyo alisema, "na nyinyi mnajenga nyumba ya kompyuta?"

"Najua, Mama Kabiru. Lakini picha za kambi wamezizoea. Wanaangalia, wanapita. Tunataka waingie kwa mlango wako."

Neno hilo, mlango, lilimshika. Ulikuwa wa buluu, ukikwaruza sakafu kila ulipofunguliwa. Akaueleza. Akaeleza na jiko la nje, na tanki la maji ambalo Mbogo aliliziba ufa kwa lami, na dirisha ambapo yeye alikaa akifuma. Ivy alirekodi kwa simu yake mpaka betri ikaisha, na Wakonyo akaendelea kuongea.

Nyumba ilipokuwa tayari, Ivy alimpeleka Bungoma, kwenye ofisi ya shirika, akamketisha mbele ya kompyuta. Mtandao ulikuwa mzito. Kwanza yalitokea mabati, kisha kuta, mwisho mlango wa buluu. Ivy akamwonyesha vitufe vya kutembeza kijisanamu chake, mwanamke mdogo mwenye kitambaa kichwani.

"Polepole, mama, utagonga ukuta."

Wakonyo alizunguka nyumba akitafuta makosa, akayapata: jiko lilikuwa limekaribia nyumba mno. Kisha akafika nyuma, akasimama.

"Hapa kulikuwa na nini?" Ivy aliuliza.

"Hakuna kitu. Lakini ndipo Mzee angelala."

Jioni hiyohiyo Ivy alimwandikia fundi aliyejenga nyumba, huko ng'ambo. Wakonyo aliporudi Bungoma, nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi la udongo mwekundu, na msalaba wa mbao wenye jina la Mbogo. Aliweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta, akalia kama ambavyo hakuweza kulia Kitale.

Kambi ilipofungwa alipanga chumba Kiminini, akapata mashine kuukuu ya kufumia. Kila alipoweza alikwenda Bungoma. Wageni walioingia kisiwani walimkuta pale uani, wakamuuliza maswali, na Ivy akatafsiri. Mwanamke mmoja wa Brazili, aliyepoteza mwanawe, alisimamisha kijisanamu chake kando ya kaburi kwa muda mrefu. Wakonyo naye akasimama pamoja naye. Watu wengi walitia sahihi. Shirika likapeleka ombi Nairobi, likapokelewa kwa heshima, na jibu halikuja. Shamba la Ndalu liliendelea kulimwa na wengine.

Mwishoni mwa mwaka wa 2009 marafiki wa ng'ambo waliishiwa na ufadhili. Ivy alipojaribu kufungua kisiwa hakukipata. Hakutaka kulisema hilo kwa simu, akapanda gari mpaka Kiminini.

"Mama Kabiru, ile kisiwa imefungwa."

Wakonyo aliendelea kusukuma mkono wa mashine. "Itafunguliwa lini?"

"Haitafunguliwa. Wamefuta yote."

Mashine ikanyamaza. "Na Mzee?"

Ivy akaangua kilio. Ikabidi Wakonyo ndiye ainuke, amshike mabega. "Si wewe, mwanangu. Najua si wewe."

"Niko na picha," Ivy alisema. "Naweza tafuta mtu atujengee ingine."

"Hapana. Hiyo nyumba imeniishia mara mbili. Ya tatu siwezi."

Jumamosi iliyofuata alimwomba Ivy amsindikize makaburini Kitale. Kibao chenye jina la Mbogo, walichokisimika siku ya mazishi, hakikuwapo. Pale alipodhani Mbogo amezikwa palikuwa na matuta mawili yaliyokaribiana, yote yamemezwa na nyasi. Wakonyo alirudi mpaka langoni, akaja tena akijaribu kukumbuka njia waliyopita na jeneza. Hakukumbuka. Ivy akampigia Kabiru kumuuliza ni tuta lipi.

"Mimi nilikuwa nalia tu, mama," Kabiru alisema kutoka Mombasa. "Sikuangalia."

Wakonyo akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi kwenye tuta la kwanza. Ivy akashika la pili. Waling'oa mpaka matuta yote mawili yakabaki udongo mtupu. Wakonyo akajifuta mikono kwa leso, akamuuliza Ivy kama alikuwa amekula.