Karatasi ya Ukoo

Kila nikinusa karatasi ikiungua, hasira hunipanda upya. Nilikuwa nimeanza kuzijua herufi za Kiarabu kwenye chuo cha Kurani, na bibi, nyumbani kwetu Temeke, akanipa karatasi ya ukoo niwasomee wageni waliokuja kumposa dada. Nikasoma jina la bibi yake bibi, aliyelima mpunga Kigamboni kabla Wajerumani hawajaja, kisha neno lililofuata: mjakazi.

Baba mkubwa alininyang'anya ile karatasi, akaitia kwenye jiko la mkaa. “Sie hatuna mtumwa kwenye ukoo,” aliwaambia wageni.

“Basi hata mama huna,” bibi alimwambia mwanawe, akaingia ndani.

Siku hizi nazunguka Kigamboni nikimuulizia yule mwanamke. Wazee wanataka jina. Nililisoma kwa sauti, mbele ya watu wote, na silikumbuki.