Pua Mpya na Jembe la Mbuji

Daktari aliyeninyoosha pua kule Dar es Salaam alikuwa mpole kwa maneno, lakini kwenye biashara alikuwa jiwe. Aliniambia wiki sita bila mazoezi. Nikamwambia, "Daktari, mimi mteja wako, fanya nne." Akasema sita. Nikasema nne na nusu, huku nikiinuka kitini kama mtu anayeondoka, maana mbinu hiyo haijawahi kuniangusha sokoni Mbinga. Hakuniita. Alisema naweza kwenda, ila mfupa utaendelea kuhesabu sita.

Aliniuliza kama nanyanyua vyuma. Hapana. Kama nacheza mpira. Hapana. Kama nakimbia. Nikasema ndiyo, Jumamosi, na klabu ya mtaani. Basi akaniambia nisikimbie, nitembee tu taratibu mahali tambarare. Moyo ukienda mbio damu hukimbilia puani, na pua mbichi ikivimba inaweza kupona ikiwa imepinda. Hilo nilielewa bila kurudiwa. Sikupanda basi la mbali namna ile, nikasutwa na ukoo mzima, ili nirudi na pua nyingine iliyopinda.

Klabu yetu ni watu wenye fulana za rangi moja wanaokimbia kila Jumamosi mpaka kwenye supu ya mbuzi. Wakifika kwenye supu, mazoezi yameisha. Kocha wao alikuwa kocha tangu siku aliponunua filimbi. Alinifuata dukani kwangu, ninapouza maharage na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa.

"Dada, jasho ndilo linaloshusha uvimbe. Njoo ukimbie hata nusu."

"Kocha, pua yako ulipewa bure, na ushauri wako ni wa bure. Naona vinafanana."

Tangu hapo, kila klabu ikipita mbele ya duka walibana pua zao kwa pamoja, mpaka mzee wa duka la jirani akaja kuniuliza kama usipa wangu umeoza. Nikawatazama kwa dharau. Mimi nilikuwa mtu wa masharti.

Wiki ya tatu shangazi yangu, dada wa baba, akaniita kijijini Mbuji kulima ngolo. Kwetu Umatengoni wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba mteremkoni. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo, likabaki shimo lenye tuta pande zote, nayo ndiyo ngolo. Mvua ikija, maji hukaa shimoni badala ya kuondoka na shamba. Ni kazi ya akili, na ndiyo iliyoshikilia milima yetu isiteremke bondeni. Pia ni kazi inayofanywa kichwa kikiwa chini kuliko kiuno.

Mimi hufikiri kila jambo mara mbili. Hilo sikulifikiri hata mara moja. Kwetu kulima si mazoezi. Mazoezi ni ya watu waliokwisha kumaliza kazi. Mtu akikukuta na jembe hakusifu kwa afya, anakupa pole.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiyo hiyo pua?"

"Ndiyo."

"Mbona ndogo? Ulilipa ili upunguziwe?"

Wanawake waliokuja kumsaidia wakacheka mpaka wakaegemea mipini. Nikaona dawa ya kicheko ni kuwapita kazini. Nikachimba miraba yangu kwa hasira. Moyo ukaanza kupiga, na ukapigia puani, kama mtu anayegonga mlango wa jirani aliyekosana naye. Nikasema moyoni ni jua. Nikainama tena. Tone la kwanza likaangukia juu ya tuta. La pili likaangukia mkononi.

"Simama! Tupa jembe!" shangazi akapiga kelele. Akanikalisha, akanishika kichwa kisilale nyuma.

Mmoja akasema, "Kumbe za kununua huvuja."

"Nyamaza wewe. Shika jembe lake, malizia mraba wake."

Damu ilipokata nilipanda juu ya kilima kutafuta mtandao, nikamtumia daktari picha, kisha nikampigia.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Sikuwa nafanya kitu, daktari. Nilikuwa nalima."

Nikamsikia akivuta kiti.

"Umeinama?"

"Daktari, kuna mtu analima amesimama?"

Alisema upande mmoja umevimba, na hawezi kujua kama pua imehama mpaka uvimbe ushuke. Damu ikirudi, niende hospitali siku hiyohiyo. Na wiki zianze upya.

"Zile tatu je?"

"Zimeliwa."

Nilizihesabu. Nikazihesabu tena. Zimeliwa kweli. Nilimdharau kocha wa filimbi, lakini yeye angalau akikimbia anajua kwamba anakimbia.

Sasa nikatafute tambarare. Mbinga ukikuta mahali tambarare, ujue ni uwanja wa mpira au kaburi lililofukiwa vizuri. Nikafunga duka, nikashuka ziwani Kihagara kwa wifi yangu, mke wa kaka, anayeanika usipa kwenye vichanja karibu na maji. Pale mchanga umelala. Nikaanza kutembea asubuhi, kwenda na kurudi, mikono mitupu. Lakini mtu mzima hatembei bure ufukweni bila kutoa maelezo. "Unakwenda wapi?" Siendi mahali. "Unatoka wapi?" Hapohapo. Siku ya pili watu wakamuuliza wifi kama nimeachwa na mume.

"Wifi," akaniambia, "chukua beseni. Mwenye beseni haulizwi."

Nikachukua beseni tupu. Kwa uongo huo mdogo nikapewa heshima ambayo daktari wa Dar es Salaam hakuweza kuniandikia. Nilitembea nalo ubavuni wiki baada ya wiki, kwanza polepole, kisha kwa haraka kidogo. Nikisikia moyo unagonga puani, nasimama. Sikuinama hata kwa kandambili. Ilipokatika, niliiacha palepale. Kila asubuhi nilijitazama kwenye kioo cha wifi, upande huu, upande huu, nikiogopa kuona kilichohama.

Hatimaye daktari akanitaka nimtumie video. Nilikaa nikisubiri simu, usipa ukinikodolea macho kutoka kichanjani.

"Imeshika," akasema. "Imeegemea kushoto kidogo sana. Mimi naona kwa kuwa ndiyo kazi yangu."

"Basi nirudishie kidogo sana."

"Kidogo hicho ni cha jembe, si changu."

Akaniruhusu kukimbia, taratibu, mbali na mpira na chochote kinachoweza kunipiga usoni. Jembe lingoje mpaka aseme.

Kesho yake nililiacha beseni ndani. Nilitembea mpaka mwili ukapata joto, ndipo nikakimbia. Sikuwa nimefika mbali nilipowaona wanawake waliokuwa wakichota maji wanatupa ndoo. Mmoja akanyakua mtoto. Mwingine akapiga yowe. Vichanjani nako wakatimka, wifi yangu mbele yao, kanga mkononi, na mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akawapita wote. Wote walikuwa wanakimbilia ninakokimbilia mimi. Nikasimama. Na wao wakasimama, wakihema.

"Mamba yuko wapi?" wifi akauliza.

"Mamba gani?"

"Unayemkimbia!"

"Hakuna mamba, wifi. Nafanya mazoezi."

Walinitazama kwa chuki safi kabisa.

"Na sisi je?"

"Na ninyi mmeshayafanya."

Maneno waliyonirudishia hayaandikiki. Niliwaacha watukane, nikapitisha kidole chini ya pua, nikakitazama. Nikapitisha tena. Kavu.