Vidole Vilivyomo Ukutani Kilwa Kisiwani

Majuzi kijana anayetembeza wageni magofuni alituonyesha mistari ya vidole kwenye chokaa ya msikiti. "Hivi ni vidole vya fundi wa kale," alisema. Nilikasirika, kwani ukweli naujua.

Enzi za Waingereza, baba yangu alikuwa mwashi aliyeajiriwa kukarabati ukuta ule. Mchana mmoja nilimpelekea chakula, nikakuta harufu ya chokaa mbichi na moshi wa tanuru la matumbawe. Kiraka alichokipaka kilikuwa kimezama ndani kuliko ukuta wa kale kwa unene wa kidole. Sikuelewa: fundi hodari kama baba, kazi mbovu namna ile? Wenzake wangemcheka. Alipokwenda kusali alasiri, nilichota chokaa nikakijaza kiraka kwa mikono hadi kikalingana na ukuta.

Aliporudi aliduwaa. "Mwanangu, nilikizamisha makusudi, watu watambue kipya na cha kale. Sasa umewadanganya."

Aliinua mwiko akikwangue, akaona machozi yangu, akaushusha. "Basi. Ila ukikua, uwaambie."

Sikuwahi kumwambia mtu. Sasa, mbele ya kijana yule, nilinyoosha mkono nikaweka vidole vyangu kwenye mistari ile, havikuenea tena.

"Shikamoo bibi, tafadhali usiguse," kijana alisema. "Ni vya kale."

"Marahaba," nilimjibu. "Toa kalamu, uandike sawasawa."