Finjani Aliyoiweka Chini Mwanangu

Nna umri huu wote, na mlango wa nyumba yangu hapa Sidab sijaufunga mchana hata siku moja. Anayepita njia ya Maskati akishikwa na kiu, aingie. Mzungu aliyepotea, binti wa Kikenya anayetoka kazini, wote wanapata tende na kahawa, na simuulizi mtu shida yake mpaka ameshakunywa. Wanaousifia mji huu kwa ukarimu, waje kwangu waone unapikwa wapi.

Mwanangu anakaa fleti, huko mtaa wa Ghala. Anataka nihamie kwake, nyumba hii aigeuze hoteli ndogo ya watalii. Ati watalipia makaribisho ya Kimaskati! Nilishamkatalia mara chungu nzima. Ijumaa moja baada ya sala akaja na mshirika wake wa biashara, mwenyewe kavaa kanzu mpya, kakaa penye mito ya wageni. Nikajua hapa pana jambo.

Nikawamiminia kahawa. Mshirika akanywa. Mwanangu akaipokea finjani yake, akaiweka chini mbele yangu, haijagusa mdomo.

Loo! Kwetu mgeni akifanya hivyo ana haja, na mwenye nyumba humwambia, "Kunywa, haja yako nimeikubali," kabla hata hajaijua. Ukikataa, umeaibika. Mtoto nimemfunza mwenyewe mambo haya, leo ananitegea mimi, tena mbele ya mtu baki! Damu ikanichemka.

"Mama, kahawa inapoa," akasema, hanitazami.

Nikaichukua ile finjani, nikainywa mimi mpaka tone la mwisho.

"Heshima hiyo ni ya mgeni," nikamwambia. "Wewe umezaliwa chumba kile pale. Na mimi hapa sihami, labda nibebwe kwenye jeneza."

Mshirika wake akajishughulisha na halwa.

"Basi mimi ni nani humu ndani?" mwanangu akauliza, kanuna kama alivyokuwa akinuna utotoni.

"Mtu wa nyumbani." Nikamsukumia sinia la vyombo vilivyokwisha kutumika. "Na watu wa nyumbani ndio wanaoosha."

Akakunja mikono ya kanzu yake mpya, akabeba sinia kwenda jikoni. Nami nikamgeukia mgeni wangu, nikammiminia nyingine.