Safari ya Majani Mekundu

Tangazo rasmi kwa ndugu, jamaa na marafiki: familia yangu leo imesafiri kwenda kutazama majani.

Kutoka kwetu Turffontein hadi mtaa wa Kensington, teksi mbili.

Mama mkwe yuko Tanga, hajawahi kuona majani ya mti yakigeuka mekundu kwa baridi. Mke wangu alimwahidi picha, akavaa na gauni la Idi.

Mti tukaupata, nje ya geti la nyumba moja. Ulikuwa umepukutisha karibu yote, chini pamekuwa zulia jekundu. Eish, pazuri.

Kabla sijatoa simu, geti likafunguka. Akatoka bibi wa Kizungu na reki na mifuko myeusi.

“Mmechelewa,” akasema, “lakini asanteni kwa kuja.”

Nikataka kumweleza kwamba sisi si vibarua wake. Mke wangu keshapokea reki.

“Mama Salma, tumekuja kupiga picha!”

“Baba Salma, mtu mzima ainame peke yake, sisi tumesimama tu? Shika mfuko.”

Nikashika. (Ninyi mngefanyaje? Semeni ukweli.)

Tulipomaliza pakawa safi kama sebule. Picha ikapigwa hivyo hivyo: gauni la Idi, mti mtupu, mifuko imetuna majani.

Mama mkwe ameshajibu. Anaomba tumtumie ile mifuko.