Ukuta Uliokuwa Unaimba

Mwezi uliopita niliigeuza stoo yetu ya majembe, hapa Zuzu, kuwa nyumba ya watoto kuchezea. Niling'oa misumari yenye kutu, nikapiga msasa mbao zote, nikajiona fundi kweli kweli. Binti yangu Neema, mwenye miaka mitano, akaniambia, "Baba, ukuta unaimba." Nikamjibu kwamba ni upepo, wala sikutega sikio.

Siku ya kuifungua alikuja mama mkwe wangu kutoka Kibakwe, akatukuta ndani mimi na watoto wangu wanne. "Shikamoo mama. Humu hata sisimizi hawezi kumuuma mtoto," nikajigamba, kisha nikaugonga ukuta kwa ngumi aone ulivyo imara. Ubao ukadondoka.

Nyuma yake masega ya asali yalining'inia kutoka juu hadi sakafuni, na nyuki wasiohesabika walitetemeka juu yake kama maji yanayotaka kuchemka. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilisahau hata kuogopa.

"Watoto, tokeni polepole," mama mkwe alinong'ona. Tulipofika nje salama, akauliza, "Nani aliyekikagua hiki chumba?"

Wajukuu wake wote wanne wakaninyooshea vidole.